Harusi ya Tausi Ukumbini Kaloleni

Watu wa Ziwani wakisimulia habari za bendi yetu huanza na joho la Walter. Wanasahau ni nani aliyelishona. Ni mimi, Wacera, kwa cherehani ya kukanyaga, pale soko la Kariokor, katikati ya kina mama waliokuwa wakisuka vyondo huku wakinicheka. Lilikuwa pazia kuukuu la mahameli jekundu. Pindoni nikalitia vifuniko vya soda nilivyovigonga kwa nyundo mpaka vikawa bapa. Walter akigeuka jukwaani, vifuniko vinalia cha-cha-cha hata ngoma ikiwa imenyamaza. Kwa hiyo anayetaka habari za joho aje kwangu, asiende kwa Kinyanjui, maana Kinyanjui hutia chumvi.

Bendi yenyewe iliitwa Tausi. Ninasema mwaka wa sabini na nane, wakati vijana wote wa Istlandi, mashariki mwa Nairobi, walikuwa na nywele za kuvimba na suruali za kufagia barabara. Tulikuwa wanne. Kinyanjui alipiga ngoma jioni na mchana alikuwa fundi wa magari. Simiyu, Mbukusu mpole asiyesema hata akikanyagwa, alipiga gitaa la umeme, na gitaa hilo ndilo lililomsemea yote. Mimi nilipiga kodiani. Baba yangu aliipiga kwenye mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, kule Murang'a, nikaiiba sanaa hiyo kwa kumtazama vidole, kwa sababu alisema kodiani si ya wasichana. Sasa nani anaipiga? Mbele alisimama Walter Omolo, mwimbaji, mrefu kama mlingoti, na sauti inayopanda mpaka unaanza kumhurumia.

Walter hakuwa anaimba tu. Alikuwa anaingia. Bendi nyingine za mtaa zilipanda jukwaani kama watu wanaopanga foleni ya maji, wakaanza kupiga. Walter alisubiri watu wanyamaze, kisha akatokea na joho, manyoya ya jogoo kichwani, wanja machoni, na viatu vya soli nene alivyogongewa na fundi wa Shauri Moyo. Alipiga goti, akalala chali, akaimba akimtazama mama mmoja wa safu ya mbele mpaka mama wa watu akafunika uso kwa leso. Wengine walimpenda vibaya sana. Wengine walisema amerukwa na akili.

Na nyimbo zake, yaani hazikutulia. Alitunga moja iliyoitwa Harusi ya Tausi, ambayo mimi mwanzoni niliikataa kabisa. Ilianza kama wimbo wa kanisani, sauti nne bila chombo. Halafu kimya. Halafu gitaa la Simiyu likalipuka na Walter akaimba kama mtu anayegombana na mbingu. Kimya tena. Kisha mwomboko, kodiani yangu mbele. Kimya. Kisha benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo wenye mwendo wa kasi, halafu kimya, na mwisho kabisa wimbo wa kubembeleza mtoto. Katika kila kimya Walter alisimama amekunjua joho lake pande zote mbili, hapumui, hapepesi jicho.

"Walter," nilimwambia, "huo si wimbo mmoja. Hiyo ni nyumba ya kupanga, kila chumba na kabila lake."

"Ndiyo Ziwani hiyo," akanijibu. "Wewe unataka niimbe ya wapi?"

Nikachukua kodiani nikaanza kujifunza sehemu yangu.

Tatizo lilikuwa vile vimya. Tulipoipiga Harusi ya Tausi kwenye boogie, dansi ya vijana ya Jumamosi mchana, vijana walikuwa wanashika mdundo, wanaanza kuzoea, mara hakuna mdundo. Wakadhani imekwisha. Wakapiga makofi, wakaenda kununua soda, na tulipoanza tena walikuwa wametupa mgongo. Kinyanjui akasema, "Budaa, hizo kimya tutoe. Watu wanatuona washamba." Walter akakataa katakata. Alisema ukitoa kimya, zinabaki nyimbo tano zilizogongana barabarani. Hakuambilika.

Sasa nije kwa baba yake, maana hapo ndipo penye mfupa.

Mzee Omolo alikuwa gadi wa treni ya Kisumu, akiishi Makongeni kwenye nyumba za reli. Mtu nadhifu mno. Sare yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa inakata, vifungo viking'aa, kofia imekaa sawa. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na Walter alijifunza sauti nne kwenye kwaya ya baba huyohuyo. Siku moja alipita Ziwani akasikia sauti anayoijua. Akachungulia ukumbini. Akamwona mwanawe amelala chali jukwaani na wanja machoni. Kinyanjui alimwona kwanza, akaniashiria kwa kidevu. Mzee alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka.

Wiki hiyohiyo, kwenye mkutano wa chama cha Wajaluo wa kwao, mtu akamuuliza kwa utani kuhusu mwanawe anayejipamba. Mzee Omolo akajibu mbele ya watu wote, "Mimi sina mtoto wa jina hilo."

Maneno hayo yalifika Ziwani kabla ya giza. Walter akahamia kwa Kinyanjui na sanduku moja na lile joho. Mama yake alikuwa akija kibandani kwangu akijifanya anataka gauni lipunguzwe kiunoni, kumbe anataka habari za mtoto. Nililipunguza gauni lile mara nyingi hata nikamwambia, "Mama Walter, tukiendelea hivi utashindwa kupumua." Akacheka, kisha akalia hapohapo. Nilimchukia mzee yule, sifichi. Nilitamani nikutane naye nimpe vidonge vyake.

Walter mwenyewe hakumsema vibaya hata siku moja. Mara moja tu, tukiwa tunakunja nyaya, nilimwambia mama yake angeweza kumtuliza mzee polepole nyumbani, wayamalize.

"Hapana, Wacera," akasema. "Alinikataa mbele ya watu wa kwetu. Akinikubali jikoni, mbele ya watu bado mimi si mtoto wa mtu. Nitaoa nikisema mimi ni nani? Nitazika nani?"

Alisema hivyo kwa sauti ndogo ya kawaida, si ile ya jukwaani, na ndipo nikajua kinachomla. Yote mengine, makofi, manyoya, akina dada waliomngojea mlangoni, angeyatoa yote ili yule mzee aseme neno moja hadharani.

Basi. Timu ya mpira ya chama chao ilishinda kombe la mitaa, na sherehe ikapangwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa Kaloleni. Walikuwa wamealika bendi ya benga kutoka Kisumu. Gari la bendi likafa huko Molo. Kufika saa nane ukumbi umejaa, nyama imeiva, kombe liko mezani, na muziki hakuna. Katibu wa chama, kijana aliyechanganyikiwa, akaja mbio Ziwani kutafuta bendi yoyote yenye vyombo vyake. Akatukuta tunafanya mazoezi. Hakuuliza tunapiga nini. Aliona spika akaona zinatosha.

"Baba yangu atakuwepo?" Walter alimuuliza.

Katibu akamtazama vizuri, akamtambua, na nikaona majuto yakimpanda usoni. "Mzee Omolo yuko meza ya mbele," akasema. "Lakini Walter, ndugu yangu, si uimbe tu kawaida? Vaa shati."

Walter akanigeukia. "Joho liko wapi?"

"Limepigwa pasi," nikasema.

Tulipoingia kwa mlango wa nyuma nilichungulia. Wazee wa suti wamekaa mbele, kina mama wamependeza kwa vitambaa vya kufanana, vijana wa timu wamevaa jezi juu ya nguo za Jumapili. Mzee Omolo alikuwa na sare yake ya reli, nadhani alitoka zamu. Pembeni yake alikaa Mzee Gordon, mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, ambaye mwanawe alikuwa afisa wa jeshi na hakuacha mtu yeyote asahau.

Kwa wasiojua, nieleze jambo moja. Wajaluo wana kitu kiitwacho pakruok. Muziki ukikolea, mtu anainua mkono, bendi inanyamaza, naye anasimama kujisifu. Anasema yeye ni nani, baba wa nani, shemeji wa nani, amewashinda akina nani. Akimaliza anawatunza wanamuziki kwa pesa, muziki unaendelea, na mwingine anatafuta la kumjibu. Sherehe bila hiyo ni chai bila majani. Na mwanamuziki asiyejua kunyamaza kwa wakati hualikwa mara moja tu.

Tulianza moja kwa moja na Harusi ya Tausi. Mimi nilitaka tuanze na kitu chepesi, Walter akasema kama ni kufa tufe tumevaa vizuri. Akatoka na joho, manyoya na wanja. Ukumbi ukaguna. Nikamwona Mzee Omolo akitazama sahani yake.

Tukaimba ile sehemu ya kanisa, sauti nne. Hapo watu wakatulia, maana waliijua namna ile ya kuimba, na kina mama wawili watatu wakaanza kutufuatisha kwa chini. Tukafika kwenye kimya. Walter akakunjua joho. Nikafumba macho nikingoja zile kelele za kwenda kununua soda.

Hazikuja. Ukumbi mzima ulitulia ukitutazama, kisha watu wakaanza kutazamana. Sikuelewa. Simiyu akalipua gitaa, wakaruka vitini, vijana wa timu wakapiga mluzi. Gitaa likapanda, Walter akapanda nalo, akazunguka jukwaa vifuniko vikilia. Kimya cha pili. Na safari hii Mzee Gordon akainua mkono akasimama.

Ndipo nikaelewa, nikataka kucheka na kulia. Watu hawa hawakudhani wimbo umekwisha. Walidhani tunawapa nafasi. Walidhani sisi ni bendi ya adabu kupita kiasi, inayonyamaza hata kabla ya kuombwa, na yule kijana aliyetandaza joho kama bawa anawakaribisha waseme.

"Mimi ni Gordon!" mzee akanguruma. "Mimi ni ukuta wa mawe, mbuzi hawapiti! Mimi ni baba wa afisa. Mwanangu anavaa suruali, anavaa buti, serikali inampigia saluti. Sikuzaa mtoto wa kuvaa pazia!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu wakagonga meza. Wengi hawakuwa na ubaya, pakruok ni utani, lakini macho yote yalikimbilia kwa Mzee Omolo kuona atafanya nini. Yeye aliendelea kutazama sahani. Mzee Gordon akaja mbele akatutunza, akarudi kukaa kama mtu aliyefunga bao.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimtazama Walter nikitegemea ameanguka. Hakuanguka. Alimwinamia Mzee Gordon mpaka manyoya yakagusa sakafu, taratibu, kwa heshima yote, kisha akaniambia bila kugeuka, "Wacera, wape mwomboko."

Niliwapa. Nilivuta kodiani ile kwa hasira zote nilizokuwa nazo, za Mzee Gordon, za Mzee Omolo, za baba yangu na vidole vyake. Walter akacheza mwomboko, hatua mbili na kuinama, na joho lake, mtoto wa Mjaluo akiinama vizuri kuliko wajomba zangu. Watu wakasimama. Mama mmoja wa Kikuyu, nadhani aliolewa kwa Wajaluo, akapiga kigelegele akaingia uwanjani peke yake. Nilikuwa ninapiga huku ninalia, na sijali.

Kilipokaribia kimya cha tatu, nikamwona Mzee Omolo anasimama. Alivaa kofia. Akainua mkono, akaanza kuja jukwaani, uso umekaza kama mlango wa benki.

Kinyanjui naye alimwona. Yeye alijua jambo moja tu kuhusu mzee huyo, kwamba alimkana mwanawe mbele ya watu, na akaona sasa anakuja kumkana mara ya pili. Badala ya kunyamaza, akapiga ngoma. Alipiga kwa nguvu zote, hapakuwa na ngoma mahali hapo kwenye wimbo, alipiga tu ili sauti ya mzee isisikike. Na mimi, badala ya kumzuia, nikamuunga mkono na kodiani. Watu wakaanza kupiga kelele tunyamaze, kumnyima mtu nafasi ya kujisifu ni matusi makubwa, lakini tulikuwa hatusikii. Mzee alisimama chini ya jukwaa, mkono bado juu, mdomo unatembea na hakuna neno linalotoka.

Walter akaja mpaka kwenye ngoma akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Mwache aseme," akasema.

"Atakuchoma, Walter," Kinyanjui akasema.

"Mwache."

Kukawa kimya. Walter akarudi mbele akasimama pale pale panapotakiwa, akakunjua joho lake pande mbili. Vifuniko vikawa vinalia chini chini. Chini yake alisimama baba yake. Hawakuwa wametazamana tangu Walter ahame nyumbani.

Mzee Omolo akamtazama kuanzia viatu mpaka manyoya. Akageukia watu.

"An wuon Walter," akasema.

Neno hilo hata mimi Mkikuyu nililijua. Mimi ni baba yake Walter. Alilisema bila kupaza sauti, na kote ukumbini likasikika.

Kisha akapaza. "Gordon! Mimi ndiye Omolo! Mimi ni treni ya Kisumu, mnanisikia kabla hamjaniona! Kabla sijaokoka nilicheza na manyoya ya mbuni kichwani, na mama yako mwenyewe, Gordon, aliacha chungu kikaungua akaja kunitazama! Mnamshangaa huyu? Mnadhani aliokotwa? Alizaliwa nyumbani kwangu, sauti hiyo niliifundisha mimi, na madoido hayo ni yangu! Mwanao akivaa buti, wanaofanana naye ni elfu. Wangu yuko peke yake Kenya nzima!"

Sijui kueleza kelele zilizofuata. Meza zilipinduka. Vijana wa timu walimbeba mzee juu juu na sare yake, kofia ikaruka. Mama Walter alitoka kwenye kundi la kina mama na lile gauni lake la kubana, akicheza peke yake, mikono juu, akiita jina la mumewe na la mwanawe kwa zamu. Hata Mzee Gordon alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na nikamsamehe nusu. Kinyanjui alijifunika uso kwa taulo. Simiyu, yule asiyesema, akasema, "Jamani," mara moja, akarudi kwenye gitaa.

Walter hakuweza kuimba. Alijaribu, sauti ikakataa. Ukumbi mzima unamngoja, desturi inamtaka mwanamuziki amjibu aliyejisifu, naye amesimama na joho lake, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Nikaona nisipofanya kitu tutalala hapo. Nikaanza benga kwa kodiani, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu mwenye akili timamu. Simiyu akaingia, Kinyanjui akaingia, na nyuma yetu, polepole, ikaja sauti ya Walter, imekwaruza, inaimba kitu kimoja tu: Omolo, wuora, Omolo, baba yangu, Omolo. Ilipanda. Ilipanda tena. Nimesikia waimbaji wengi tangu siku hiyo na sijasikia mtu akiita jina la baba yake namna ile.

Wazee walicheza. Mzee Omolo walimletea kiti karibu na jukwaa akakikataa, akabaki amesimama chini ya mwanawe, vifungo vinang'aa, kichwa kinafuata mdundo. Benga ikafika mwisho, kile kimya cha nne. Walter akakunjua joho, na watu kumi hivi wakainua mikono kwa pamoja wakigombania nafasi.

Mzee Omolo akawageukia, akawashusha wote kwa kiganja kimoja kama anayezuia abiria wasipande.

"Sijamaliza," akasema.